Kinu Kikiamka, Balbu Huinama

Saa moja ya jioni, Kayole, siku za balbu za zamani. Katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili mtoto amefungua daftari la hesabu, sufuria ya ugali iko jikoni, redio inasoma habari. Ghafla balbu inafifia. Nuru nyeupe inageuka rangi ya chai ya rangi, redio inakoroma, na baada ya pumzi moja au mbili kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Hakuna aliyeinua kichwa. Chini barabarani kinu cha kusaga mahindi kimewashwa, na jumba zima limepata habari hiyo kabla mngurumo haujapanda ngazi.

Stima ikipotea nchi nzima, hadithi husimuliwa miaka. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya ikazimika kwa saa kadhaa. Mnyama alitoka mzima na akawa maarufu duniani. Balbu inayoinama kwa sekunde mbili haina tumbili wake. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kujua mitaa ya Eastlands, mashariki ya Nairobi, ilichorwa vipi, na wakazi wake waliukataa vipi mchoro huo, kule kuinama kuna mengi ya kusema kuliko giza la nchi nzima.

Jina lenyewe lina safari yake. Katika Kiswahili cha Pwani stima ilikuwa meli ya mvuke, ile iliyokuja na moshi badala ya tanga. Bara, kinywani mwa Wakenya, neno likahamia kwenye nyaya, na mpaka leo Mtanzania huulizia umeme pale Mnairobi anapoulizia stima. Mwaka 1908 Nairobi, mji wa reli wenye umri wa miaka 9 tu, ilipata kampuni yake, Nairobi Power and Lighting Syndicate. Nguvu yake ilitoka kwenye maji ya mto Ruiru, kaskazini ya mji. Mombasa nayo ilikuwa na kampuni yake. Mwaka 1922 hizo mbili ziliungana zikawa East African Power and Lighting, kampuni ambayo wazee bado huitaja kwa jina hilo ingawa lilibadilishwa mwaka 1983. Jina lilitaja nguvu na mwanga kwa pumzi moja. Mjini, hivyo viwili vilitenganishwa kwa makusudi.

Maana Nairobi ilipangwa kwa kutenga. Mzungu alipewa miinuko ya magharibi yenye miti, Mhindi akapewa Ngara na Parklands, na Mwafrika akapewa uwanda wa mashariki, kwenye udongo mweusi unaogeuka gundi mvua inaponyesha. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kariakor, mtaa uliobeba jina la wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ulijengewa mabweni mwaka 1929. Zikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati. Kisha mwaka 1948 wataalamu watatu, Thornton White, Silberman na Anderson, walichapisha mpango mkuu wa Nairobi kama mji mkuu wa koloni. Mpango huo uliendeleza wazo ambalo tayari lilikuwa ardhini: kazi ikae mahali pake kando ya reli, na wafanyakazi walale mahali pao, umbali wa kutembea kwa miguu. Mashine zenye mota zilikuwa Industrial Area na kwenye karakana za reli. Eastlands ilikuwa kitanda.

Kitanda hakihitaji mota. Hakikuhitaji hata balbu nyingi, kwa hesabu ya waliopanga. Familia nyingi za mitaa hiyo zilisomea, zilikulia na kuzalishia kwenye mwanga wa koroboi, kile kitaa cha bati chenye utambi kinachoacha masizi puani asubuhi. Na koroboi haikutoka ng'ambo. Iligongwa na mafundi wa Nairobi wenyewe kutokana na makopo yaliyotupwa, kwa nyundo na risasi ya kulehemu. Hapa historia ina kejeli yake, kwa sababu watoto na wajukuu wa ufundi huo wa bati, wale wa Kamukunji na Gikomba, ndio ambao baadaye mashine zao zingeifanya balbu ya jirani iiname.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, nchini Uganda, na mwaka huohuo Kenya Power Company iliundwa kujenga laini ya kilovolti 132 kutoka Tororo hadi Nairobi. Laini hiyo ndefu iliishia kituo cha Juja Road, jirani na Mathare. Mtu akisimama hapo anaona jambo ambalo ramani hailionyeshi waziwazi: umeme uliovuka mpaka wa nchi na Bonde la Ufa ulifika Eastlands kwanza, ukapunguzwa nguvu, halafu ukasafirishwa kwenda kwingine, huku vibanda vya upande wa pili wa ukuta vikiwasha mafuta ya taa.

Tatizo la balbu kuinama halikuzaliwa Nairobi. Kampuni za umeme za Marekani na Ulaya zilianza kama wauza mwanga. Edison alifungua kituo chake cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, kwa ajili ya taa. Lakini taa huwashwa usiku, na mitambo ghali ikawa inalala mchana kutwa bila kuingiza senti. Mota ikaonekana kuwa mteja mzuri wa mchana. Mwaka 1888 Tesla alipata hataza za mota ya mkondo geu, na mwaka uliofuata Dolivo-Dobrowolsky, akiwa Ujerumani, akaunda mota ya fezi tatu ya aina ambayo hadi leo inazungusha vinu na pampu za Nairobi. Ni mashine imara, rahisi, isiyolalamika. Ina tabia moja mbaya: ulafi wa dakika ya kwanza.

Mota iliyosimama haina kinachouzuia umeme isipokuwa nyaya zake. Ikishazunguka, yenyewe huzalisha msukumo unaopinga umeme unaoingia, na mkondo hutulia. Kabla ya hapo hugugumia mara tano hadi nane ya chakula chake cha kawaida. Mota ya kinu yenye nguvu za farasi 15, yaani kilowati 11 hivi, hula ampea 21 kwa kila fezi inaposaga kwa uzito wake wote. Ikiwashwa moja kwa moja inaweza kuvuta ampea 126. Transfoma ndogo ya kVA 50 imeundwa kutoa ampea 70 tu kwa kila fezi. Haitakufa kwa sekunde hizo chache, lakini volti zake zitashuka, na kila aliyefungwa kwenye nguzo zake atashuka nazo. Kwenye transfoma ya kVA 315, pigo hilohilo halimtikisi sana mtu, labda awe mwisho wa waya mrefu mwembamba.

Kilichoifanya shida hii ionekane wazi ni balbu ya zamani yenyewe, ile ya uzi. Mwanga wake haushuki sawa na volti, bali huporomoka. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Yaani balbu ya volti 240 ikipata 216, mita ya fundi inaona tofauti ndogo, lakini mtoto mwenye daftari anaona jioni imeingia mara ya pili. Wahandisi wa dunia walipotaka kipimo cha kero ya mwanga unaopepesa, walikijenga kwa kufuata jicho la binadamu linalotazama balbu ya uzi ya wati 60. Waligundua kwamba jicho hukerwa zaidi mwanga unapotikisika mara 8 au 9 kwa sekunde, hata kama mtikisiko wenyewe ni mdogo mno.

Basi mota ilifikaje kitandani?

Ilifika kwa sababu mtu hakubali kulala tu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilileta ujumbe Kenya kuchunguza ajira, na ripoti yake ikaeleza kwamba wale mafundi waliokuwa wakifukuzwa na askari wa jiji hawakuwa kero, walikuwa uchumi. Miaka hiyohiyo mitaa mipya ilikuwa ikichipuka zaidi mashariki. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, nyumba za watu wenye mishahara, zenye vigae na ua. Umoja ikaja kwa msaada wa Wamarekani. Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilitoa ploti zipatazo 6,000 zenye choo, bomba na msingi wa kuanzia. Mengine mwenyewe ajijengee. Na kweli walijenga. Walijenga vyumba vya kupangisha, kisha ghorofa juu ya vyumba, kisha duka mbele ya ghorofa, kisha mashine ndani ya duka. Mchoro ulisema nyumba. Wenyeji wakasoma karakana.

Mwaka 1985 Rais Moi alizuru mafundi wa Kamukunji, waliokuwa wakigonga mabati juani, na baadaye vibanda vikajengwa ili wapate kivuli. Jina la jua kali likatoka kwenye mgongo wa fundi likaingia kwenye karatasi za serikali. Kariobangi nayo ilikuwa na eneo lake la viwanda vidogo, Light Industries, ambako chuma huyeyushwa na vipuri hufuliwa. Lakini mashine hazikukaa ndani ya mipaka hiyo. Msumeno wa umeme ulitokea nyuma ya Gikomba, randa ikatokea Shauri Moyo, kompresa ya kupulizia rangi ikatokea mbele ya lango la Buruburu, na kinu cha unga kikatokea kila mahali penye watu wengi na pesa kidogo. Mwaka 2022, pakiti ya unga ya kilo 2 ilipopita shilingi 200, foleni za vinu zilirefuka: mahindi ya gorogoro, ndoo mkononi, na mota ikiwashwa na kuzimwa mara nyingi zaidi kwa siku.

Waya ulikuwa uleule.

Fundi mzuri wa Eastlands anayeitwa na mwenye nyumba kwa sababu taa zinayumba haanzi na bisibisi. Anaanza na maswali, kama mganga. Zinayumba saa ngapi? Zinarudi baada ya sekunde mbili au zinabaki chini? Ni chumba hiki tu au ghorofa nzima? Na jirani wa ng'ambo ya barabara? Kila jibu linafunga mlango mmoja. Zikiyumba na kurudi haraka, na jumba la jirani nalo likayumba, kuna mota inayoamka mahali fulani kwenye transfoma ileile. Zikiyumba ndani ya jumba moja tu, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la paa ndiyo mshukiwa wa kwanza, hasa ikiwa imefungwa kwenye laini ileile ya vyumba. Zikififia jioni yote hadi saa nne usiku, hapo hakuna mota ya kulaumiwa. Ni watu wengi kwenye waya mdogo, kila mmoja na kichemshio chake cha maji.

Kuna jibu moja linalomfanya fundi aache utani. Mwenye nyumba akisema kwamba taa za upande huu zinapofifia, za upande ule zinazidi kung'aa, hiyo si njaa ya umeme. Waya wa nyutro umelegea au umekatika. Nyumba za fezi tofauti zinagawana volti 415 bila mwamuzi, mmoja anapata mia na kidogo, mwingine anapata 300 na zaidi, na televisheni ya mwenye kupata zaidi ndiyo inayolipa. Hapo huzimwa swichi kuu kwanza, ndipo watu wazungumze.

Baada ya maswali, mita. Fundi hupima volti kwenye bodi ya mita ya stima huku mtu akiwasha ile mota inayoshukiwa, kisha hurudia kwenye soketi ya chumba cha mwisho. Zikishuka sawa pande zote mbili, ugonjwa uko nje, kwenye laini au transfoma, na huko si kwake kupanda. Ni kazi ya kampuni ya umeme. Zikishuka kidogo kwenye bodi lakini sana chumbani, ugonjwa uko ukutani: kiungo kilicholegea, skrubu iliyoungua, au waya wa milimita moja na nusu uliopaswa kuwa mnene zaidi, aliouweka mjenzi kwa kuokoa mia chache. Majumba marefu ya Pipeline na Umoja yamejaa okoa-okoa za namna hiyo.

Kwa mwenye kinu, dawa za kizamani bado zinatosha. Stata ya sta-delta huanza kwa kuipa kila koili volti 240 badala ya 415, ili ampea 126 ziwe 42 hivi, halafu mota ikishashika mwendo inahamishwa kwenye nguvu kamili. Lakini theluthi hiyo ina bei yake: msukumo wa kuzungusha pia hushuka hadi theluthi. Kinu chenye mahindi tumboni hakitaamka kwa nguvu hiyo, kitaguna tu na kuchoma koili. Ndiyo maana msagaji mwenye uzoefu huwasha kinu kitupu, husikiliza sauti ipande mpaka iwe laini, ndipo afungue mlango wa mahindi. Anaonekana kama anaringa mbele ya foleni. Kumbe analinda taa za mtaa na mota yake kwa tendo moja. Siku hizi kuna pia vifaa vya kielektroniki vinavyoinua mwendo polepole, na bei yake imeshuka kiasi cha kuonekana hata kwenye pampu za visima vya majumba.

Wachomeleaji ni kesi nyingine, na ngumu zaidi. Mota huinamisha balbu mara moja ikaachana nayo. Mashine ya kuchomelea huipigapiga: fundi akigusa chuma, mkondo unaruka, akiinua mkono, unakatika, akigusa tena, tena. Mageti ya chuma na madirisha ya vyuma ambayo Nairobi nzima inajifungia nyuma yake yametengenezwa kwa mdundo huo. Mashine nyingi zenyewe ni kazi ya jua kali, shaba iliyozungushiwa vipande vya chuma cha transfoma chakavu, zikafungwa kati ya fezi mbili. Nyingine hupoozwa kwa mafuta, na hapo historia inakuwa chafu kidogo, kwa kuwa mafuta ya transfoma za umma yameibwa kwa miaka mingi nchini, na transfoma isiyo na mafuta huchemka mpaka ife. Mtaa mzima ukabaki gizani ili geti moja lipate kuchomelewa.

Mathare, Korogocho na vijiji vingine vya mabanda vilikuwa na njia yao. Stima ya huko iliitwa sambaza. Mtu mmoja alivuta waya kutoka nguzo, akagawia wengine kwa ada ya mwezi, na nyaya zikapita juu ya paa za mabati kama kamba za kuanikia nguo. Waya mwembamba mrefu kwa mamia ya vyumba: hapo hata pasi ya jirani ilitosha kuinamisha balbu. Katika miaka ya 2010, kwa fedha za Benki ya Dunia, kampuni ya umeme ilipeleka mita kwa ada ya shilingi 1,160, ndogo sana kando ya ile ya kawaida ya wakati huo. Baadhi ya wakazi walihamia kwenye tokeni. Wengine walibaki na sambaza, kwa sababu sambaza haikuhesabu yuniti.

Wakati huohuo shahidi mkuu wa kesi hii alikuwa akibadilishwa. Balbu ya uzi iliiacha nafasi yake kwa tyubu ndefu, ambayo volti zikishuka sana haififii tu, inazimika na kupepesa kabla ya kuwaka tena. Mwaka 2010 zikagawiwa bure balbu za kuokoa umeme, zile zilizopindwa kama chango. Kisha LED, ambazo nyingi zina kisanduku kidogo ndani kinachotoa mwanga uleule volti ziwe 240 au 180. Zile za bei rahisi kabisa za barabarani bado hupepesa, lakini nyumba kwa nyumba Eastlands imeacha kuinama.

Kinu bado kinaamka. Volti bado zinashuka. Tofauti ni kwamba sasa mwenye kujua ni friji. Kompresa yake, ambayo nayo ni mota, ikijaribu kuwaka wakati huohuo kinu kinapokunywa ampea zake mia na ushee, haipati nguvu ya kuzunguka. Inaguna, inapata joto, inajizima, inajaribu tena. Wauzaji wa vifaa vya umeme wa Luthuli Avenue wanajua biashara hiyo vizuri. Kando ya pasi na vichemshio wamepanga visanduku vidogo vyeupe vya kulinda friji, ambavyo volti zikianguka hukata, vikahesabu dakika kadhaa, ndipo vikaruhusu umeme upite. Mama wa ghorofa ya pili Kayole anacho kimoja ukutani, kimefungwa kwa waya wa kuendelezea. Kina taa tatu. Jioni, kinu kinapoanza, ile ya kijani inazimika na nyekundu inawaka, na mtoto anaendelea na hesabu chini ya balbu isiyotikisika.